Kabla hujatoa hela ya kolajeni ya kopo: mwili unaijenga vipi, na nini kinavizima vimeng'enya vyake

Maabara_Msaranga

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Huu uzi nimeuwaza muda sasa na kilichonisukuma ni stetasi za wasap, kila ukifungua ni kolajeni, ya unga, ya vidonge, ya kuchanganya na juisi, na bei zake zinaumiza, yaani unakuta mama wa genge anajinyima mpaka anapata kopo moja. Mimi kazi yangu ni maabara hapa Moshi na habari za vimeng'enya, yaani zile protini zinazoendesha kemia ya mwili, ndo zilizonifanya niipende hii kazi, kwahiyo naomba nieleze mwili unavyoijenga kolajeni wenyewe, halafu kila mtu aamue hela yake aipeleke wapi. Ni ndefu, vumilieni.

Kolajeni ni protini, na ndo nyingi kuliko zote mwilini, karibu theluthi ya protini yote uliyo nayo. Ngozi, mifupa, gegedu, kano, ukuta wa mishipa mikubwa ya damu, ufizi unaoshika jino, vyote vinasimama kwa kolajeni. Aina zilizotambuliwa mpaka sasa ni 28. Ukiiangalia kwa karibu ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja kama kamba ya katani, kila mnyororo una amino asidi (vile vijenzi vya protini) kama 1,000 hivi, na kila ya tatu lazima iwe glaisini kwasababu ndo pekee ndogo ya kutosha kukaa katikati ya msokoto.

Sasa hapa ndo pananisisimua. Mnyororo ukitoka kutengenezwa unakuwa bado haufai. Kuna kimeng'enya kinaitwa prolili haidroksilesi kinaupitia na kupachika oksijeni kwenye zile amino asidi zinazoitwa prolini, kama mia moja hivi kwa mnyororo mmoja. Zisipopachikwa, msokoto unafumuka ukifika nyuzi joto 24 tu. Zikipachikwa unastahimili mpaka karibu 39. Mwili wako una 37. Yaani bila hiyo kazi ndogo ya kupachika, kolajeni uliyoijenga inayeyuka humohumo ndani ya seli.

Na hicho kimeng'enya hakifanyi kazi bure, kinadai vitu vinne. Kinadai chuma, kinadai oksijeni, kinadai oksoglutarati ambayo seli inaipata yenyewe wakati wa kuunguza chakula, na kinadai vitamini C. Hiyo vitamini C wengi hawajui inafanyaje. Mara mojamoja kimeng'enya kikiwa kazini kile chuma chake kinapoteza elektroni moja na kukwama, hapo kimeng'enya kizima kinakaa hakina faida mpaka vitamini C ije irudishe hiyo elektroni. Ndo maana mabaharia wa zamani waliokaa miezi bila matunda waliugua kiseyeye, ufizi unatoka damu, meno yanalegea, na makovu ya vidonda vilivyopona miaka mingi nyuma yanafunguka upya, maana kovu ni kolajeni na kolajeni inabomolewa na kujengwa kila siku. James Lind mwaka 1747 aliwachukua mabaharia 12 wagonjwa akawagawa wawiliwawili, waliopewa machungwa na malimao ndo walionyanyuka haraka. Hakujua kimeng'enya wala vitamini, hivyo vilikuja kueleweka karne ya 20.

Turudi kwenye kopo. Ile prolini iliyopachikwa oksijeni ukiila haiwezi kuingizwa kwenye kolajeni mpya. Hamna sehemu kwenye jeni inayosema weka hii. Jeni inasema weka prolini ya kawaida, upachikaji unafanyika baadae papo hapo kwenye mnyororo. Kwahiyo unalipia kolajeni ya ng'ombe au samaki, tumbo linaivunjavunja, na kazi yote inaanza upya kwa kimeng'enya chako mwenyewe, ambacho kinakusubiri na vitamini C.

Nitaendelea na kimeng'enya cha pili na vile vitu vinavyovizima, ila wenye la kusema karibuni.

Dada_Soweto

Asante mkuu kwa somo ila nikuulize, ina maana supu ya kongoro nayo bure? Maana bibi yangu goti lake likimsumbua tunamchemshia kongoro na anasema anapata nafuu. Na mbona kuna watu wametumia hizo za kopo na ngozi imebadilika kweli tumewaona kwa macho?

Maabara_Msaranga

Dada swali zuri na sitaki kukudanganya. Sio bure. Kongoro likichemka sana ile kolajeni inafumuka inakuwa jelatini, ndo ule mnato unaoganda sufuria ikipoa, na jelatini inakupa glaisini na prolini kwa wingi, hizo ni malighafi halali kabisa. Na pale mezani watu wanakamulia ndimu, ambayo inaleta vitamini C kidogo, japo pera linaishinda mbali sana, gramu mia za pera zina zaidi ya miligramu 200 wakati mtu mzima anahitaji 75 mpaka 90 kwa siku. Mapera ya hapa kwetu yanaoza chini ya miti, inaniuma.

Kuhusu waliobadilika, kuna vipande vidogo vya kolajeni vinavyovuka utumbo bila kuvunjika vyote na vinaonekana kwenye damu, na zipo tafiti zilizoona ngozi inashika maji vizuri zaidi. Ila nyingi kati ya hizo zimelipiwa na wauzaji wenyewe. Ukiniuliza mimi, mtu anayekula mlo wake vizuri sioni cha kumfanya auze kuku anunue kopo.

Mfugaji_Monduli

Mimi ni wa mifugo nipo huku Monduli, mada imenigusa niongezee upande wangu. Mbuzi na ng'ombe hawapati kiseyeye kwasababu wanatengeneza vitamini C wenyewe kwenye ini. Sisi binadamu pamoja na nyani na mbega ile jeni ya hatua ya mwisho iliharibika zamani sana, ndo maana tunategemea matunda na majani.

Ila mifugo ina shida yake kubwa ambayo ni SHABA na nadhani ndo unapoelekea kwenye kimeng'enya cha pili. Mwaka 1961 kule Marekani watafiti walilisha vifaranga chakula kisicho na shaba, wakawa wanakufa ghafla, kupasua wanakuta mshipa mkuu wa damu umepasuka. Kwa nguruwe iko hivohivo. Chakula kingi, protini nyingi, ila mshipa unapasuka kwasababu ya madini ambayo kwa siku ni kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kisu.

Na mtego upo hapa wafugaji wasikilize, unaweza ukawa na shaba ya kutosha kwenye malisho na mnyama bado akapungukiwa, kama udongo una molibdenamu nyingi na salfa, vinaungana kwenye tumbo kubwa vinaikamata shaba yote inatoka na kinyesi. Sasa mtu akisikia hivyo anakimbilia kumpa kondoo madini ya nguruwe, USIFANYE HIVYO, kondoo anakusanya shaba kwenye ini na anakufa nayo. Pima kwanza.

Maabara_Msaranga

Mkuu wa Monduli umenitafunia kabisa, hapo hapo.

Kimeng'enya cha pili kinaitwa laisili oksidesi, Pinnell na Martin ndo walioonyesha uwepo wake mwaka 1968. Hiki kinafanya kazi nje ya seli. Zile kamba zikishatoka zinalala sambamba lakini zinateleza, hazijashikana. Laisili oksidesi inachukua laisini, amino asidi nyingine, ya kamba moja inaigeuza iwe na ncha kali ya kikemia, ambayo yenyewe inamshika jirani yake bila msaada wa mtu. Ndo mshipa unapata nguvu ya kupokea pigo la moyo, ndo kano inabeba uzito. Na katikati ya hicho kimeng'enya ipo shaba, ukiitoa hakuna kitu.

Mahitaji ya mtu mzima ni kama miligramu 0.9 kwa siku tu, maini, ufuta, korosho na karanga vinakupa. Wanaopungukiwa mjini mara nyingi wamejiletea, mfano wale wanaomeza vidonge vya zinki dozi kubwa miezi na miezi tangu kipindi cha korona. Zinki nyingi inaufanya utumbo utengeneze protini inayoikamata shaba, seli za utumbo zinapukutika nayo.

Kuna ua la mapambo jamii ya njegere, Lathyrus odoratus, mbegu zake zina kemikali inaitwa kwa kifupi BAPN. Panya akilishwa mbegu hizo uti wa mgongo unapinda na mshipa mkuu unavimba na kupasuka, picha ileile ya vifaranga wa mkuu hapo juu, ila shaba ipo. BAPN inakwenda kukaa kwenye mdomo wa laisili oksidesi na haitoki tena. Watafiti wanaitumia mpaka leo wakitaka kuizima makusudi. Kwahiyo njia mbili tofauti, kunyima madini au kuziba mdomo, mwisho wake mmoja. Mimi nikiona kitu kama hicho nafurahi siku nzima.

Babu_Uru

Vijana hamjambo. Nimesoma yote taratibu kwa miwani. Nauliza, hii habari ya mapera na chuma, je, chai? Sisi wazee chai tunakunywa na kila chakula.

Maabara_Msaranga

Shikamoo meku. Chai inakamata chuma cha kwenye mboga na maharage isiingie vizuri, bora uipishe chakula kwa saa moja hivi, na tunda ulile pamoja na chakula maana vitamini C inafanya kinyume, inasaidia chuma kuingia. Kwa kimeng'enya cha kolajeni peke yake kiasi kidogo cha chuma kinatosha, ila kwa damu ya mzee ni muhimu sana.

Babu_Uru

Marahaba. Nitajaribu, ingawa saa moja ni nyingi.

Kiongozi_Machame

Mimi ni kiongozi wa wageni mlimani Kilimanjaro nina swali limenikaa muda mrefu. Kuna mwenzetu alikuwa mzima kabisa anapiga njia za Machame na Lemosho kila msimu, akapata tumbo la kuhara mgeni akampa sipro, ile antibayotiki, akameza, baada ya siku chache tunashuka kwa njia ya Mweka akasema kisigino kinawaka moto, kufika chini mguu umevimba haukanyagi, akaambiwa kano ya kisigino imechanika. Kila mtu alisema ni mteremko wa Mweka na kweli ule mteremko unaua magoti lakini ameushuka miaka mingi. Kuna daktari mgeni aliyekuwepo kwenye kundi lingine akasema inaweza kuwa ni ile dawa. Sisi tukaona ni maneno tu, dawa ya tumbo na kisigino wapi na wapi? Na dawa hizi wageni wakimaliza safari wanatugawia zinazobaki, kila mpagazi ana sipro kwenye begi.

Sista_Majengo

Kaka Kiongozi naomba hili nilijibu mimi maana nipo famasi. Huyo daktari alikuwa na hoja. Siprofloksasini, ndo hiyo sipro, na ndugu zake wote wa kundi la fluorokwinoloni, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka onyo zito kabisa kwenye boksi mwaka 2008 kuhusu kuvimba na kuchanika kwa kano, na inayochanika zaidi ni hiyo ya kisigino. Inaweza kutokea ndani ya siku au hata miezi baada ya kumaliza dozi. Walio hatarini zaidi ni wenye zaidi ya miaka 60, waliopandikizwa figo, moyo au mapafu, na WANAOTUMIA STEROIDI (dawa kali za kutuliza uvimbe) PAMOJA NAYO. Mwaka 2018 wakaongeza onyo lingine, kupasuka kwa mshipa mkuu wa damu kwa wale ambao tayari mshipa wao una tatizo.

Sasa jiulize mlimani watu wanameza nini kwa ajili ya kichwa cha mwinuko kikizidi. Deksa. Deksamethasoni ni steroidi. Kwahiyo mtu ana sipro ya tumbo na deksa ya kichwa halafu anateremka Mweka kwa magoti na visigino. Deksa inaokoa maisha ubongo ukianza kuvimba, hilo silipingi hata kidogo, na sipro ikiandikwa na daktari kwa sababu inayoeleweka tumieni. Ninachokataa ni kugawiana kama pipi, na hata huku mjini mtu anaingia famasi anasema nipe sipro nina taifodi, amepima? hajapima.

Mkianza tu kusikia maumivu ya kisigino mkiwa kwenye dozi, acheni dawa, pumzisheni mguu, nendeni mkaonane na daktari abadilishe.

Maabara_Msaranga

Sista umemaliza. Niongeze ya upande wangu, kwanini inatokea, maana bado inachunguzwa ila kuna kipande kimoja kinapendeza. Famasi wanakwambia usinywe sipro na maziwa wala na vidonge vya chuma, si ndiyo? Kwasababu sipro inakamata madini kwa nguvu na haiingii mwilini. Sasa kukamata kulekule kukitokea ndani ya seli inayojenga kano, chuma cha prolili haidroksilesi kinapungua. Kwenye seli zilizokuzwa maabara imeonekana hivyo, vimeng'enya vya kupachika vinazubaa na kolajeni inapungua. Juu ya hapo vimeng'enya vya kubomoa vinaongezeka. Ujenzi unashuka na ubomoaji unapanda kwa wakati mmoja, kwenye kano ambayo damu yake ni chache tangu mwanzo.

Na Kiongozi wewe wa mlimani hii utaipenda. Prolili haidroksilesi ina ndugu. Wako wengine wa ukoo huohuo, wanadai vilevile chuma, oksijeni na oksoglutarati, ila hao hawagusi kolajeni, wanapachika protini inayoitwa HIF. Oksijeni ikiwepo wanaipachika HIF na inatupwa. Pale kileleni Uhuru, mita 5,895, oksijeni unayovuta ni kama nusu ya ile ya Dar, wale ndugu wanakosa oksijeni ya kupachika, HIF inabaki hai inaingia kwenye kiini cha seli na kuamrisha figo zitoe homoni ya kuongeza damu. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Nobeli mwaka 2019 kwa kazi ya mwili kuhisi oksijeni, na hii ndo sehemu yake kubwa. Kile cha kolajeni kinaridhika na oksijeni kidogo kwahiyo hakizimiki mapema, hicho cha HIF ndo kinahisi upungufu haraka. Kemia ileile, ukali tofauti. Na dawa ya roksadustati ya wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu imetengenezwa kufanana na oksoglutarati, inakaa kwenye nafasi yake, kimeng'enya kinadhani mwili uko mlimani.

Kiongozi_Machame

Aisee. Hii naipeleka kwenye grupu la wapagazi leo leo. Sista asante sana Mungu akubariki.

Kaloleni_A_Town

Wakuu mimi niko Arusha, mnaongea mifupa na meno hamjagusa maji yetu ya floraidi? Watu wa Ngarenanyuki na Maji ya Chai meno ya kahawia toka utotoni na wengine miguu imepinda. Hiyo nayo inazima vimeng'enya?

Maabara_Msaranga

Hiyo ni mada kubwa ya peke yake mkuu na inastahili uzi wake. Kwa kifupi floraidi shabaha yake kubwa ni ile chumvi ngumu ya mfupa na jino, inaingia na kuchukua nafasi ndani ya fuwele, sio kolajeni. Kwenye jino la mtoto linaloota inavuruga pia kuondolewa kwa protini wakati enameli inakomaa ndo rangi inaharibika. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita na yapo maji ya ukanda huo yanayozidi hapo mara nyingi. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa. Fungua uzi mkuu nitakuja.

Dada_Soweto

Sista upo famasi naomba nikuulize kitu na naomba msinicheke. Krimu za kung'arisha, zile za mkorogo, nazo zinahusika humu? Kuna mtu wangu wa karibu anatumia muda mrefu, mwanzo alikuwa anang'aa kweli, sasa hivi ana michirizi mapajani na kwapani na akijikwaruza kidogo tu damu.

Sista_Majengo

Hamna wa kukucheka mdogo wangu, na ndo swali nililokuwa nalisubiri tangu uzi unaanza.

Zinahusika kuliko kopo lolote lile. Mikorogo mingi inawekwa vitu vya aina tatu, haidrokwinoni, zebaki na steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni. Mbili za kwanza zinalenga weusi, kimeng'enya cha kutengeneza weusi nacho kina shaba ndani yake, haidrokwinoni inakizuia na zebaki inaisukuma shaba pembeni. Steroidi inafanya ngozi ionekane laini na nyeupe haraka, na hiyo ndo inayobomoa. Inaingia kwenye seli zinazojenga ngozi mpaka kwenye kiini, inapunguza amri ya kutengeneza kolajeni aina ya 1 na ya 3. Na sio kolajeni peke yake, kuna kimeng'enya cha kutengeneza hayaluroniki, kinaitwa HAS2, kwenye seli za ngozi steroidi inakizima karibu chote. Ndo maana ngozi inasinyaa inakuwa kama ya mtu mzee sana, mishipa inaonekana, michirizi inachanika, kidonda hakifungi.

Waulizeni wanaofanya kazi teatri. Mama amekuja kujifungua kwa upasuaji, amejichubua miaka, daktari akishona nyuzi zinakata nyama. Nimekaa na ndugu wa wagonjwa wa namna hiyo na ninaongea kwa uchungu, maana huyo mama hakuna aliyemwambia ndani ya kile kichupa kuna nini, hakina hata lebo. Vitu hivi haviruhusiwi kwenye vipodozi hapa nchini, tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, lakini vinachanganywa chumbani na kuuzwa sokoni.

Kijana_Njiro

Samahani sista hapo sijaelewa. Dada yangu ana kovu la sikio lililovimba kama zabibu tangu alipotoboa na kwenye hospitali moja walimchoma sindano ya steroidi kwenye kovu. Sasa kama inabomoa ngozi kwanini madaktari wenyewe wanaitumia?

Sista_Majengo

Kwasababu kwenye kovu la hivyo tatizo ni kinyume chake. Hiyo ni keloidi, na sisi weusi tunazipata sana. Kidonda kikipona, mwili unatoa ujumbe wa kikemia unaitwa TGF-beta, unawaambia wale wajenzi jengeni kolajeni na wabomoaji tulieni. Kwa kawaida ujumbe unakoma kidonda kikifunga. Kwenye keloidi haukomi, kolajeni inajengwa na laisili oksidesi inazidi kuifunga mpaka inavuka mipaka ya kidonda chenyewe. Kulikata peke yake linarudi mara nyingi na linaweza kurudi kubwa zaidi. Kwahiyo triamsinoloni inachomwa ndani ya kovu, hapo tu, kwa kipimo, kila baada ya wiki kadhaa, ili kuzima ujenzi uliozidi, na linalainika na kushuka. Yaani kile kinachomwangamiza mtu akijipaka mwili mzima kila siku, ndo hicho hicho kinamsaidia dada yako kikiingia milimita chache mahali kinapotakiwa.

Hapa Moshi tuna bahati, hospitali ya KCMC kuna chuo cha magonjwa ya ngozi cha kanda tangu 1992, wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika wamesomea pale. Mtu wa Arusha au Rombo mwenye keloidi asijitibu kwa wembe au tindikali ya betri, ndiyo wapo wanaofanya, aende.

Kijana_Njiro

Nimeelewa vizuri sana. Na hiyo hayaluroniki ndo ile ya kwenye seramu? Inajengwaje?

Maabara_Msaranga

Ndo hiyo. Karl Meyer na John Palmer waliitoa kwenye jicho la ng'ombe mwaka 1934. Hii sio protini, ni sukari mbili zinazofuatana kwa zamu mpaka maelfu, inashika maji kupita kiasi, ndo inayolainisha goti na kujaza ngozi. Mtu wa kilo 70 ana kama gramu 15 na theluthi yake inabomolewa na kujengwa upya kila siku, hebu fikiria hiyo kasi. Vinavyoijenga ni HAS1, HAS2 na HAS3, vimekaa kwenye utando wa seli, vinachukua sukari kwa ndani na kusukuma mnyororo nje huku ukiendelea kurefuka.

Kinavyodhibitiwa HAS2 ni uzuri mtupu. Kinategemea seli ina akiba ya zile sukari mbili zilizoandaliwa. Seli ikiishiwa nguvu kuna kimeng'enya kingine, AMPK, kinakuja kubandika fosfeti juu yake na kukizima, maana kujenga hayaluroniki ni gharama. Na kuna dawa ya nyongo inaitwa haimekromoni, inameza akiba ya moja ya hizo sukari ili yenyewe itolewe mwilini, HAS inabaki na njaa, kwahiyo watafiti wanaichunguza kwa magonjwa ambayo hayaluroniki imezidi.

Seramu yenye zile molekuli kubwa inakaa juu ya ngozi inashika unyevu, haipenyi kwenda kwa wajenzi. Kama unapenda inavyolainisha paka, ila ujue imeishia juu. Jua kali nalo linavipandisha vimeng'enya vya kubomoa kolajeni na kushusha ujenzi, kwahiyo kofia pana inafanya kazi ambayo seramu haifanyi.

Kiongozi_Machame

Mkuu swali la mwisho. Yule mwenzetu wa kisigino anakunywa vidonge vya vitamini C vya gramu moja vitatu kwa siku ili kano iunge haraka. Yuko sawa?

Maabara_Msaranga

Mwambie apunguze. Kimeng'enya kikishapata vitamini C ya kutosha kimeshapata, hakiongezi kasi kwa kumwagiwa. Damu inajaa ukifika kama miligramu 200 mpaka 400 kwa siku, kinachozidi kinatoka na mkojo, na dozi kubwa za muda mrefu zinaweza kuleta mawe ya figo kwa baadhi ya watu. Mapera, machungwa, mboga isiyochemshwa mpaka ikafa, mayai na maharage, na mazoezi ya kisigino anayopewa na fiziotherapia, maana kano ikivutwa kwa kiasi ndo wajenzi wanapata ujumbe wa kujenga. Kama anavuta sigara aache, mvutaji anatumia vitamini C zaidi, kama miligramu 35 za ziada kila siku.

Dada_Soweto

Sista na huyu mtu wangu wa mkorogo nimwambie aache leo?

Sista_Majengo

Asiache ghafla peke yake kama ametumia kali miaka na mwili mzima. Steroidi inapenya ngozi inaingia kwenye damu, tezi zake zinaweza kuwa zimelala, akiacha ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha kushuka, na uso kuwaka moto. Aende kliniki ya ngozi na hicho kichupa chake mkononi hata kama hakina lebo, wamshushe taratibu na wapime sukari na presha. Asione aibu, pale wanawaona kila wiki. Ngozi iliyokonda inaweza kurudi kwa sehemu, inachukua miezi, michirizi yenyewe inabaki ila inafifia. Na kama ana mimba au anajiandaa kwa upasuaji wowote amwambie daktari mapema, kabla hajapanda kitandani. Njoo inbox nikuelekeze siku za kliniki, na kama anaogopa kwenda peke yake nitamsindikiza.